Mashini ya hewa ya moto, na maji ya Goma

Katika mji wa Goma kuna jambo ambalo mgeni halielewi siku ya kwanza. Ziwa Kivu liko mlangoni, lenye kina cha kupita metri 400, wala halikauki. Juu yake, mitaani, mama na watoto wanapanga bidoni za manjano tangu alfajiri, na kijana mwenye chukudu anasukuma mzigo wa maji kilimani, akilipwa kwa kila bidoni. Mgeni anauliza: maji yote haya, na shida yote hii?

Sababu iko chini ya miguu yake. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mawe hayo yana nyufa na matundu. Mvua ikinyesha, maji yanazama papo hapo. Hakuna mto unaopita mjini. Kuchimba kisima ni kupasua mwamba kwa nyundo, na mara nyingi hata ukipasua hupati kitu. Basi maji ya mji ni yale ya ziwa, na maji ya ziwa hayapandi kilimani yenyewe. Lazima yapandishwe kwa pompi, pompi yahitaji umeme, na umeme unapita katika nyuzi ndefu zinazokatika.

Historia ya mji inaonyesha mara ngapi mnyororo huo umekatika. Mwezi wa saba 1994 watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka toka Rwanda kwa siku chache, wakaketi juu ya mawe hayo, mahali pasipo kisima wala choo wala udongo wa kuchimbia kaburi. Kipindupindu na kuhara damu vikawaua karibu 50,000 katika mwezi mmoja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka mpaka katikati ya mji, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikapita juu ya mabomba ya maji na nyuzi za umeme. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, safari hii upande wa Buhene, na mitaa mingi ikakosa maji. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa vita mjini, umeme ulikatika, pompi zikasimama, na watu wakarudi ufukoni kuteka kwa mkono, pale pale ambapo wengine wanafua na kuoga. Aliyehesabu wagonjwa katika vituo vya afya anajua yaliyofuata huwa ni nini.

Ndiyo maana vijana wanaojifunza ufundi, na makatekista wenye shamba la parokia, hawaachi kuuliza kama kuna mashini ya kuteka maji isiyotaka umeme wala mafuta. Na kila mara jina moja linarudi: motere ya Stirling, ile ya hewa ya moto, ambayo wanasema jua peke yake laweza kuizungusha. Nimeona inafaa kuandika historia yake kwa utaratibu, kwa maana wengi wanaisifu bila kuijua, na wengine wanaicheka bila kuijua pia.

I. Inavyofanya kazi

Chukua bidoni tupu, uifunge vizuri, uiweke juani. Hewa ya ndani inapata moto, inatanuka, bidoni inavimba. Iingize katika maji baridi: inasinyaa. Huko kuvimba na kusinyaa ndiko nguvu yote ya mashini hii. Ndani yake kuna hewa iliyofungwa, haitoki nje wala haiingii nyingine. Upande mmoja wa chombo unachomwa, upande wa pili unapozwa. Kipande kikubwa chepesi kinachosogea ndani kinaihamisha hewa, mara upande wa moto, mara upande wa baridi. Ikiwa upande wa moto inatanuka na kusukuma pistoni; ikiwa upande wa baridi inanywea na pistoni inarudi. Pistoni inazungusha gurudumu, au inavuta mkono wa pompi.

Haijali moto unatoka wapi. Kuni, makaa, mafuta, maganda ya kahawa, jua lililokusanywa kwa kioo, vyote ni sawa kwake, mradi upande mmoja uwe moto na wa pili uwe baridi. Injini ya gari yataka mafuta yake safi yenye kuwaka ndani ya silinda. Hii inachomwa toka nje kama sufuria.

Lakini kuna siri ya pili, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya mwenye kuibuni. Hewa inapotoka upande wa moto kwenda wa baridi, joto lake lingepotea bure. Yeye aliweka njiani kitu cha kulishika joto hilo, mfano wa nyuzi au mabati membamba yaliyobanana. Hewa ikipita inaacha joto lake pale. Ikirudi inalichukua tena. Mama wa nyumbani anayefunika mawe ya jiko kwa majivu ili asubuhi asianze na jiko baridi anaifahamu maana yake kabla ya mwanafizika.

II. Mchungaji wa Kilmarnock

Mwenye kuibuni alikuwa mtu wa altare, ijapokuwa si wa Kanisa letu. Robert Stirling alizaliwa mwaka 1790 huko Methven, katika nchi ya Skotlandi, kwa watu wa shamba. Babu yake alikuwa amebuni mashini ya kupura nafaka. Kijana alisoma Edinburgh na Glasgow, lugha za kale, elimu ya Mungu, hesabu, kisha mwezi wa tisa wa 1816 akawekwa kuwa mchungaji wa Kanisa la Skotlandi katika mji wa Kilmarnock. Mwezi huo huo akaomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Si rahisi kumfikiria padri mpya wa siku hizi akifanya hivyo katika juma la Misa zake za kwanza, lakini huyu alifanya.

Hapa yafaa tusahihishe hadithi moja. Vitabu vingi vyasema kwamba Stirling aliwahurumia wafanyakazi waliouawa na mitungi ya mvuke iliyopasuka, ndiyo maana akatafuta mashini isiyo na mvuke. Ni hadithi nzuri ya kuhubiri. Ni kweli pia kwamba mitungi ya wakati ule, ya chuma kibaya, ilipasuka na kuua. Lakini hati yenyewe ya 1816 yataja kusudi lingine: kupunguza matumizi ya makaa na kuni. Mtu wa parokia ya watu maskini alihesabu gharama ya moto. Kwangu mimi hilo halimpunguzii heshima, na ni afadhali tumsifu kwa lile aliloliandika mwenyewe.

Kazi ya kwanza ya mashini yake, mwaka 1818, ilikuwa kuteka maji. Iliwekwa katika machimbo ya mawe ya jimbo la Ayrshire ili iyatoe maji yaliyojaa shimoni. Ilifanya kazi vizuri kwa muda. Kisha mtunza moto alizembea, akaacha sehemu ya chini ya chombo ipate moto kupita kiasi, chuma kikalainika, kikabonyea kwa nguvu ya hewa. Ikawa mwisho wake.

Ndugu yake mdogo James, aliyekuwa fundi wa kweli wa mashini, alishirikiana naye miaka mingi. Walipata wazo la kushindilia hewa ndani ya chombo ili nguvu iongezeke, na mwaka 1843 wakageuza mashini kubwa ya mvuke katika kiwanda cha chuma cha Dundee iwe ya hewa. Iliendesha kiwanda kizima kwa makaa machache kuliko mvuke. Lakini chungu cha moto, ambacho kilipaswa kukaa chekundu mchana kutwa, kilipasuka, kikabadilishwa, kikapasuka tena. Baada ya miaka michache wenye kiwanda walichoka, wakarudi kwenye mvuke.

Mzee Stirling alikuwa amehamia parokia ya Galston mwaka 1824, akakaa huko zaidi ya miaka 50, akafa mwaka 1878 akiwa na miaka 87. Miaka miwili kabla ya kufa aliandika kwamba chuma kigumu kipya cha Bessemer kingeiokoa mashini yake kama kingalipatikana mapema. Alisema kweli. Wazo halikuwa na kosa. Chuma cha wakati wake hakikuweza kulibeba. Na jambo la kuchekesha kidogo: watoto wake wa kiume walikuwa mafundi mashuhuri wa magari ya moshi, na Patrick, mmoja wao, akawa mkuu wa magari ya kampuni ya Great Northern ya Uingereza. Baba aliupinga mvuke, wana wakaupanda.

III. Jua linaingia

Kwa miaka mingi mashini ya hewa ilichomwa kwa makaa. Wa kufikiri jua alikuwa John Ericsson, Msweden aliyehamia Marekani, yule aliyejenga meli ya chuma Monitor. Mwaka 1872 alitengeneza mashini ndogo ya hewa iliyozungushwa na mwali wa jua uliokusanywa katika kioo chenye mbonyeo. Ilizunguka vizuri. Lakini hakuna aliyetaka kununua kioo na kungoja wingu lipite, na makaa yalikuwa rahisi. Basi Ericsson alifanya kama mtu mwenye akili ya biashara: aliondoa kioo, akaweka jiko, akaiuza kama pompi ya nyumba. Toka 1880 pompi hizo za hewa ya moto zilienea sana Marekani, zikipandisha maji katika matangi ya nyumba na mashamba. Hazikuwa na mtungi wa kupasuka, na mtumishi wa nyumba aliweza kuziwasha. Hivyo pompi iliyozaliwa kwa ajili ya jua iliishi kwa kuni. Nawaomba wasomaji wakumbuke neno hilo tutakapofika Goma.

Wakati ule ule, Ufaransa, mwalimu wa hesabu Augustin Mouchot alipika, alitega mvuke na kuteka maji kwa kioo cha mfano wa koni. Katika Maonyesho makubwa ya Paris ya 1878 alitengeneza barafu kwa moto wa jua, watu wakastaajabu. Serikali ikapima gharama, ikaona makaa ni nafuu, ikaacha.

Wala wakleri hawakukosekana. Padri Mreno Manuel António Gomes, aliyejulikana kwa jina la Himalaya kwa sababu ya urefu wake, alipeleka katika Maonyesho ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904, tanuri la jua lenye vioo vidogo elfu kadhaa, refu kama nyumba. Liliyeyusha mawe na vyuma, akapewa zawadi kubwa. Seminari zetu hazimtaji, na ni hasara: hapa kuna padri aliyeona kwamba kusoma kitabu cha viumbe si kuiba wakati wa breviari.

Jaribio lililotukaribia zaidi lilifanyika katika Afrika yetu, huko Maadi karibu na Kairo. Mmarekani Frank Shuman alijenga vioo vitano vya mfano wa mtaro, kila kimoja kikiwa na urefu wa metri 60 na zaidi, vikifuata jua toka asubuhi hata jioni. Mashini ilikuwa ya mvuke wa nguvu ndogo, si ya hewa, lakini kusudi lilikuwa lile lile la machimbo ya Ayrshire: kupandisha maji. Mwaka 1912, katika jaribio la kwanza, mabomba ya joto yalikuwa ya zinki, yakalainika kwa moto wa jua, yakabidi yabadilishwe kwa chuma. Mwaka 1913 yote yalikuwa tayari, na maji ya Nili yakamwagika mashambani mbele ya wakubwa wa serikali, kadiri ya litri 27,000 kwa dakika moja.

Msomaji wa Kivu ya Kaskazini anayo haki ya kufurahi hapa. Mto wa Rutshuru unaingia Ziwa Edward. Toka huko maji yanashuka kwa Semliki mpaka Ziwa Albert, yakawa Nili. Sehemu ya maji yaliyotekwa kwa jua pale Maadi ilikuwa imenyesha juu ya milima yetu. Kinyume chake, maji ya Ziwa Kivu yenyewe hayaendi huko. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo zamani za zamani, sasa yanatoka kwa Ruzizi kwenda Tanganyika na mto Kongo. Volkano ile ile inayowanyima watu wa Goma mito ndiyo iliyolitengeneza ziwa wanalolitazama.

Maadi haikuishi. Mwaka 1914 vita vilianza Ulaya, mafundi wakaitwa makwao, mwaka 1918 Shuman akafa, kisha mafuta ya petroli yakashuka bei.

IV. Karne ya ishirini

Mashini ya Stirling ilifufuka mahali pasipotazamiwa. Kabla ya vita vya pili vya dunia, kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitaka kuuza radio katika nchi zisizo na umeme, nchi kama zetu. Walitafuta mashini ndogo tulivu, isiyokohoa kama motere ya petroli, inayochomwa kwa mafuta ya taa. Wahandisi wao wakafufua hewa ya moto, wakiwa sasa na feleji nzuri ambayo mzee wa Galston aliitamani, na wakafaulu kupita matumaini. Lakini walipoanza kuitengeneza, karibu mwaka 1952, radio ndogo za transista zenye betri zilikuwa njiani, na ile haja ikayeyuka. Mara nyingine tena mashini ilikuwa njema, nao ulimwengu ukapita upande mwingine.

Mwaka 1969, huko Harwell, Uingereza, Colin West alibuni jambo lililo rahisi mpaka linachekesha. Ikiwa shida ya mashini hii ni pistoni na vyuma vinavyosuguana, kwa nini maji yenyewe yasiwe pistoni? Akapinda bomba mfano wa herufi U, akalijaza maji nusu, akaacha hewa juu ya mikono miwili, akachoma mmoja na kupoza wa pili. Maji yakaanza kuyumba kushoto na kulia, na bomba la tatu lenye milango midogo ya kuruhusu maji kupita njia moja tu likayateka. Hakuna gurudumu, hakuna grisi, hakuna kitu cha kukwaruza. Fundi yeyote wa mabomba wa Birere angeweza kuliunganisha kwa siku chache. Lakini lina kasoro mbili zisizofichika: linatumia sehemu ndogo sana ya joto, mara nyingi moja kwa mia au chini, na halipandishi maji juu sana.

Upande wa pili, Wamarekani walikwenda kwa yaliyo makubwa. Mwaka 1984, jangwani California, sahani kubwa ya vioo yenye mashini ya Stirling katikati iligeuza zaidi ya 29 kwa mia ya jua kuwa umeme. Hakuna kipande cha jua cha wakati ule kilichoweza hivyo. Lakini vipande vya silisi, yale mabamba ya bluu tunayoyaona juu ya mabati ya nyumba zetu, vilishuka bei mwaka kwa mwaka, wakati vioo na mashini vilibaki ghali. Kampuni ya Stirling Energy Systems ilifilisika mwaka 2011.

Na hapa lazima nimtaje Mpadri Mweupe mmoja, wa shirika lile lile lililoleta Injili Kivu. Padri Bernard Verspieren alikuwa Mali wakati wa njaa kubwa ya Saheli. Alianzisha Mali Aqua Viva katika eneo la San, akachimba visima vingi, na mwaka 1977 akaweka juu ya kisima pompi inayoendeshwa na mabamba ya jua, mojawapo ya za kwanza katika Afrika. Katika miaka ile ile Wafaransa walikuwa wakijenga katika Saheli pompi za jua za namna nyingine, zenye joto, mvuke wa gesi na pistoni, ndugu wa karibu wa mashini tunayoieleza. Hizi zilikuwa na vali, mihuri na mabomba yaliyovuja, na fundi alikuwa mbali. Mabamba yalikaa juani, yakasinzia, yakateka maji. Baada ya miaka michache mashindano yalikuwa yamekwisha.

V. Kurudi Goma

Sasa tuhesabu, maana pasipo hesabu maneno ya maji hayajazi bidoni.

Saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, metri moja ya mraba inapokea karibu wati 1,000 za jua. Tuseme kioo chetu ni cha metri mbili za mraba: wati 2,000. Motere ya Stirling iliyotengenezwa vizuri katika kiwanda kidogo cha ufundi ikitoa tano kwa mia, na hiyo ni kazi ya kusifiwa, tunapata wati 100. Pompi inapoteza nusu. Zimebaki 50. Kuinua litri moja metri kumi kwahitaji juli 98. Basi kwa metri kumi tunapata karibu litri 1,800 kwa saa, yaani bidoni 90 za litri 20. Hiyo ni faida ya kweli kwa jirani wa ziwa. Lakini uwanja wa ndege wa Goma uko karibu metri 90 juu ya ziwa. Kupandisha maji mpaka huko, mashini hiyo hiyo itatoa bidoni kumi kwa saa, tena bila kuhesabu msuguano wa bomba refu. Kijana wa chukudu hatapoteza kazi yake.

Tena hewa ya Goma ni nyepesi. Katika kimo cha metri 1,460 kani yake imepungua karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani, na motere inayotumia hewa ya kawaida, isiyoshindiliwa, inapungukiwa kadiri hiyo. Na jambo la tatu ni zito kuliko yote. Kioo kinakusanya jua linalokuja moja kwa moja tu. Wingu jembamba likipita, kioo kinapofuka, wakati bamba la silisi linaendelea kutoa kidogo. Sisi tuna misimu miwili ya mvua, ukungu wa asubuhi juu ya ziwa, na moshi wa Nyiragongo. Jangwa la California hatuna. Bamba moja la metri mbili za mraba linalouzwa leo latoa wati 400 saa sita mchana, mara nne ya mashini yetu, wala halina kitu kinachozunguka.

Basi mtu anayetaka kununulia parokia pompi mwaka huu, anunue mabamba na pompi ya umeme, amwekee tangi kubwa juu, ili usiku na siku ya wingu pasiwe na kiu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu naona makala nyingi za kusifu motere hii kana kwamba imefichwa na matajiri. Haikufichwa. Ilishindwa mara tano au sita kwa sababu zinazojulikana: mara chuma, mara bei ya makaa, mara vita, mara kitu rahisi zaidi kilichokuja baadaye.

Je, tuiache kabisa? Siioni hivyo. Bamba likivunjika, au kile kisanduku cha umeme kinachoongoza pompi kikiungua, hapa Goma hatuna wa kukitengeneza ndani. Kinatupwa na kingine kinaagizwa mbali, kama njia iko wazi. Nimeona pompi nzuri ya zawadi ikikaa kimya miezi mingi kwa sababu ya kipande kimoja kidogo kisichopatikana. Motere ya hewa ya moto, kinyume chake, ni kazi ya mchomeleaji na mkereza vyuma. Mabati, bomba, feleji ya ekzosi ya lori kuukuu, vyote vinapatikana kwa mafundi wetu. Na kumbuka pompi za Ericsson: siku ya wingu, iondolee kioo, iwekee jiko. Si kuni za Virunga, nasihi, maana msitu huo umekwisha kutoa kuliko uwezo wake. Kuna pumba, maganda ya kahawa na takataka za mbao za maseremala.

Kwa shule zetu za ufundi na seminari ndogo ina faida nyingine. Mwanafunzi anajifunza joto na kazi ni nini kwa kuiona ikizunguka mbele ya macho yake. William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alitumia mfano wa mashini ya Stirling katika masomo yake huko Glasgow, naye aliijenga elimu ya joto juu ya maswali kama yale ambayo kitu hicho kiliuliza. Bamba la silisi halimfundishi kijana chochote; analitazama tu.

Mahali pa kuijaribu napaona ufukoni, si kilimani. Hapo maji yanainuliwa metri tatu mpaka tano, kimo ambacho hata lile bomba la maji linaloyumba la Colin West laweza kukifikia. Maji ya kupozea upande wa baridi yako palepale, baridi mwaka mzima, wala hayalipiwi. Tena bustani ya mboga haidai maji yaliyotiwa klorini. Maji ya kunywa ni jambo lingine: maji ya ziwa, yatekwe kwa jua, kwa umeme au kwa mkono, ni lazima yasafishwe kabla ya kufika kinywani, na hakuna mashini katika historia hii yote inayoondoa kazi hiyo kwa mwenye kituo cha maji. Lakini kila bidoni ambayo mashini itaimwaga juu ya mchicha na kabeji ni bidoni moja ambayo mama hakuibeba mgongoni, na kioo cha metri mbili za mraba, hata kikiwa na bomba la West lenye moja tu kwa mia, katika saa nne za jua zuri kitapandisha karibu bidoni 290 kwa kimo cha metri tano.